Muulize Bi Santuri: Rekodi 31 za simfoni moja

Toleo lililopita ulimi uliniteleza nikasema ninazo rekodi 31 za Simfoni Namba 6 ya Tchaikovsky, mtunzi wa Urusi, ile iitwayo Pathétique. Barua zikamiminika. Nyingi zilikuwa za kunihurumia, lakini chache zilikuwa na maswali ya maana, kwa hiyo safari hii ukurasa wote ni wa simfoni hiyo. Wenye maswali ya gitaa na wenye spika zinazokoroma, vumilieni hadi mwezi ujao.

*Shikamoo Bi Santuri. Baada ya kusoma ukurasa wako niliitafuta hiyo simfoni kwenye simu, nikakuta rekodi hazihesabiki. Nikachagua nne nikazisikiliza mfululizo siku ya mapumziko. Kusema kweli zote nilizisikia sawa, ila ya mwisho niliichukia, na nadhani sababu ni njaa. Je, sikio langu lina kasoro? Wewe unasikia nini ambacho mimi sikisikii?*
*Sikio la Mbao*

Marahaba, mwanangu. Sikio lako zima, ratiba yako ndiyo mbovu. Simfoni hii huchukua kama dakika 45. Nne mfululizo ni saa tatu, na ukifika ya nne umeshasahau ya kwanza ilivyokuwa. Tunachobaki nacho kichwani baada ya saa tatu ni uchovu, na uchovu huwa tunamtupia kondakta wa mwisho. (Kondakta wa okestra, si yule wa basi, ingawa wote wawili huamua lini tunaondoka.)

Fanya hivi. Isikilize simfoni nzima mara moja, rekodi moja tu, siku yoyote, bila kalamu. Kisha chagua pahali padogo, dakika moja au mbili, na hapo ndipo uziweke rekodi zako nne kando kwa kando. Nitakupa pangu patatu.

Pa kwanza pamo katika sehemu ya kwanza, mara nyingi kati ya dakika ya 9 na ya 10. Ule wimbo mpana, mtamu, ambao hata asiyejua muziki huu hudhani amewahi kuusikia, unafifia. Klarineti inauchukua peke yake, inashuka nao polepole, na noti chache za mwisho kabisa zimeandikwa kwa basuni, ile ala ndefu ya mbao yenye sauti nzito. Katika lugha ya nota herufi p moja maana yake piga kwa sauti ya chini, mbili chini zaidi. Hapa Tchaikovsky ameandika p sita. Basuni haina uwezo huo, au inao kwa shida kubwa: ukiipuliza kidogo mno kule chini, ama haitoi kitu ama inatoa mkoromo. Kwa hiyo makondakta wengi humnyang'anya mpiga basuni noti hizo wakampa mpiga klarineti ya besi, ambayo haimo katika nota za simfoni hii hata kidogo, ila inajua kutoweka kama moshi. Tega sikio. Ukisikia punje za mbao katika sauti, mtu anayepambana na pumzi yake, hiyo ni basuni. Ukisikia sauti laini isiyo na ukingo, hiyo ni klarineti ya besi. Mimi ni wa upande wa basuni. Aliyeandika p sita alijua anamwandikia nani, na ule mpambano nadhani ndio alioutaka. Lakini wapo watu wenye masikio kuliko yangu wanaosema kinyume, na rekodi zao ni nzuri.

Onyo: usiongeze sauti ili uisikie vizuri. Pigo linalofuata mara moja ni la okestra nzima kwa nguvu zote. Nilishawahi kuongeza. Paka wangu hakurudi ndani mpaka jioni.

Pa pili ndipo ninapopapenda kuliko pote, na niruhusu nikae hapo kidogo. Ni mwanzo wa sehemu ya nne, ya mwisho. Fidla zinaanza na wimbo unaoshuka ngazi kwa ngazi kama mtu anayeketi kwa maumivu. Sote tunausikia wimbo huo. Sasa fungua kitabu cha nota (muda wa hakimiliki umekwisha zamani, kinapatikana bure mtandaoni), utafute wimbo huo kwenye mstari wa fidla za kwanza. Haupo. Tafuta kwa fidla za pili. Haupo pia. Tchaikovsky ameukatakata: noti moja ya wimbo ameipa fidla za kwanza, inayofuata fidla za pili, na kuendelea hivyo kwa zamu. Kila kundi linapiga mstari uliovunjika, wenye kurukaruka, usioimbika. Wimbo tunaousikia haupigwi na yeyote. Unaungana hewani.

Mimi niliimba kwaya miaka mingi, sauti ya pili. Walioimba sauti ya pili wananielewa: unafanya kazi nusu saa, unarudi nyumbani, unaombwa uimbe kidogo kile watu walichokisikia, na ulichonacho ni vipande visivyo na kichwa wala mkia. Siku niliyouona ukurasa ule wa nota nililia, si kwa huzuni ya Tchaikovsky bali kwa sababu mtu alikuwa amewafanya sauti ya kwanza nao waonje.

Sasa, tofauti ya rekodi inatoka wapi hapo? Inatoka kwenye viti. Zamani fidla za kwanza zilikaa kushoto kwa kondakta na za pili kulia, zikitazamana. Katika karne ya 20 wengi, Leopold Stokowski akiwa miongoni mwa walioipa mtindo nguvu, wakazikusanya zote kushoto ili ziende pamoja vizuri zaidi. Katika rekodi ya namna hiyo ujanja wa Tchaikovsky umefichika, unasikia wimbo mmoja kutoka spika moja. Lakini msikilize Yevgeny Mravinsky na okestra yake ya Leningrad ya 1960, au Otto Klemperer na okestra ya Philharmonia ya 1961. Hao waliziacha zitazamane. Vaa vipokea sauti vya masikioni uone: noti inatoka kushoto, inajibiwa kulia, kushoto, kulia, kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja. Baadaye katika sehemu hiyohiyo wimbo unarudi, na safari hii fidla za kwanza zinapewa wimbo mzima. Jaribu kuusikiliza mrejeo huo bila kujua ya mwanzo, kisha ukijua. Sitasema zaidi.

Pa tatu ni pafupi: karibu na mwisho kuna pigo moja tu la upatu mkubwa, la chinichini, kisha tromboni na tuba peke yao kama watu wanaotoka msibani. Katika rekodi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia pigo hilo ni vumbi tu. Katika rekodi nzuri za leo linakaa hewani na unaweza kulifuata mpaka linapokufa.

Jambo moja la ufundi kabla sijakuacha. Unapolinganisha, hakikisha rekodi zote zina ukubwa mmoja wa sauti. Rekodi iliyo juu kwa desibeli moja au mbili tu haisikiki kama yenye kelele zaidi, inasikika kama bora zaidi. Wengi wamemsifu kondakta kwa kazi iliyofanywa na kitufe.

*Bi Santuri, mimi muziki huo wala siufuatilii. Naandika kwa sababu ya mume wangu. Ana rekodi 23 za hiyohiyo Pathétique. Aliposoma kwamba wewe una 31 alikuja nayo gazeti jikoni akasema, "Unaona? Bado nina nafasi." Nisaidie. Hivi mtu mwenye akili timamu anahitaji ngapi?*
*Mke wa Ishirini na Tatu*

Dada yangu, samahani kwa lile gazeti. Nikueleze nilivyoanza mimi, labda utamwona mumeo kwa jicho jingine, au utaandika barua ya pili kali zaidi.

Rekodi yangu ya kwanza ilikuwa seti ya santuri za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito zinazovunjika kama sahani. Upande mmoja wa santuri kubwa ya aina hiyo hubeba dakika nne, tano ukibana sana, kwa hiyo simfoni moja ni rundo zima. Seti niliyoachiwa mimi ilikuwa imepoteza santuri mbili za mwisho. Sikujua. Jalada lilikuwa limechanika, na sehemu ya tatu ya simfoni hii ni mwendo wa gwaride unaoishia kwa kishindo, matarumbeta na matoazi, mpaka mikono inawasha kupiga makofi. Nikaamini simfoni imekwisha pale. Kwa miaka kadhaa, kwangu mimi Pathétique ilikuwa simfoni ya ushindi. Nilikuwa naiweka nikiwa na furaha.

Siku nilipoisikia redioni, gwaride likaisha, nikanyanyuka kuzima. Na fidla zikaanza ule wimbo unaoshuka. Nilibaki nimesimama, mkono kwenye kitufe, dakika kumi. Siku ileile ndipo nilipofahamu pia kwamba Tchaikovsky aliiongoza mwenyewe mara ya kwanza huko Saint Petersburg tarehe 28 Oktoba 1893, na siku tisa baadaye alikuwa amefariki. Tangu hapo sina imani na rekodi moja. Kila ninapopata nyingine kuna sehemu ya moyo wangu inayokagua kama santuri zote zimo.

Hiyo ndiyo sababu yangu, sijui ya mumeo. Lakini naweza kukutajia mambo yanayomfanya mtu asitosheke. Ukimsikiliza Willem Mengelberg na okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam, 1937 au 1941, fidla zinateleza kutoka noti moja hadi nyingine kama sauti ya mtu anayebembeleza. Hakuna okestra inayopiga hivyo leo, na waliopiga hawapo, kwa hiyo ukitaka kusikia upigaji huo, santuri ndiyo njia pekee. Wilhelm Furtwängler aliirekodi studio na okestra ya Berlin mwaka 1938, kisha ipo nyingine yake ya mwaka 1951, na okestra hiyohiyo, mbele ya hadhira ya Kairo. Ni mtu mmoja, okestra moja, na katikati yao vita nzima ya dunia. Herbert von Karajan aliirekodi studio mara saba, kuanzia 1939 hadi 1984. Ferenc Fricsay aliirekodi 1953, akarudia 1959 kwa mitambo mipya, na hiyo ya pili ikakaa kabatini hadi miaka ya 90, yeye akiwa amekufa tangu 1963. Unaona jinsi shimo linavyochimbika.

Sasa nikupe silaha. Kwanza, mwambie akuonyeshe ni ngapi kati ya 23 ambazo ni upigaji tofauti, na ni ngapi ni upigaji uleule uliotolewa tena kwa jalada jipya. Wakusanyaji wote tunadanganya hapo. Mimi ninaposema 31 nimeshazitoa nakala tisa. Pili, mfanyie mtihani. Wewe ushike rimoti, yeye ageukie ukutani, umchezee ule mwanzo wa sehemu ya nne kutoka rekodi kumi. Zile asizozitambua hazihitaji. Ukiona anazitambua zote kumi, basi dada yangu, huyo hana ugonjwa, anayo elimu, mwongezee rafu.

*Bi Santuri, nitajie moja tu. Sina muda.*
*Mwenye Haraka*

Mravinsky, Leningrad, 1960.

*Heshima kwako Bi Santuri. Mimi na kaka yangu hatusemezani. Yeye ana Leonard Bernstein wa 1986 na okestra ya New York, sehemu ya mwisho inapita dakika 17. Mimi nina huyo Mravinsky, haifiki 10. Yeye anasema wangu amefukuzwa na mbwa. Mimi nasema wake amesinzia. Nani amesoma nota sawasawa?*
*Mdogo Mtu*

Kwa saa, umeshinda. Mwanzo wa sehemu hiyo Tchaikovsky ameandika alama ya metronomu: mapigo 54 kwa dakika. Hesabu ni rahisi, yapaswa usikie mapigo tisa katika sekunde kumi. Chukua saa yenye mshale wa sekunde, kaa na kaka yako, hesabuni pamoja. Mtasemezana kwa lazima.

Lakini usianze kusherehekea. Kwanza, mwendo haukai pale pale. Nota zenyewe zinadai uharakishwe huku na upunguzwe kule, kwa hiyo hesabu ya mwanzo haikupi urefu wa sehemu nzima. Pili, Bernstein hakukosea. Aliwahi kuirekodi na okestra hiyohiyo ya New York miaka ya 60, kwa mwendo ambao wewe usingeulalamikia. Mtu anayeijua njia ya mkato akapita ya mzunguko ana sababu.

Mimi huisikiliza ile ya 1986 mara moja kwa mwaka, na sitaki mara mbili. Palipo na ukimya kati ya sentensi, ukimya wake ni mrefu kiasi kwamba unaanza kuogopa kama wataendelea. Hapo ananikamata. Ananipoteza kwenye ule wimbo wa fidla uliokatwakatwa, kwa sababu wimbo unaoungana hewani unahitaji mwendo ili uungane. Ukivutwa sana, kila noti inasimama peke yake na ujanja unakuwa wazi, kama kumwona fundi wa mazingaombwe mfukoni. Mravinsky kwa upande wake hana huruma hata kidogo, na baadhi ya siku nahitaji kuhurumiwa. Mwambie kaka yako hivyo, si lazima useme umetoka kwangu.

Na ninyi wengine mnaolinganisha kwa dakika zilizoandikwa nyuma ya jalada, kuweni macho. Katika simfoni hii inawezekana kidogo kwa sababu sehemu ya kwanza na ya nne hazina marudio. Katika simfoni nyingine, chukua ya Tano ya Beethoven, kondakta mmoja hurudia ukurasa alioambiwa arudie na mwingine huuruka. Utamwita wa pili mwenye kasi, kumbe amesoma kurasa chache zaidi. Na hata dakika zikilingana: wawili wote wana dakika 10, mmoja amekimbia katikati akaburura mwisho, mwingine amekwenda sawa. Jalada haliwezi kukuambia hilo.

*Bibi, shikamoo. Nina rekodi ya zamani iliyohamishwa kutoka santuri kwenda CD. Binti yangu anapiga kinanda, na anasema simfoni iliyoandikwa B ndogo (B minor), kwenye CD yangu ni C ndogo. Nimemwambia aache ubishi. Je, nimwombe radhi?*
*Baba wa Mpiga Kinanda*

Marahaba. Mwombe radhi leo.

Santuri zilizoitwa za 78 hazikurekodiwa zote kwa mizunguko 78 kamili kwa dakika. Anayezihamisha lazima aamue kasi kwa sikio, na akikosea, kila kitu kinapanda pamoja: mwendo na kimo cha sauti. Ukizidisha kasi kwa asilimia 6 hivi, muziki wote unapanda nusu toni, yaani B inakuwa C, na simfoni ya dakika 45 inakuibia dakika mbili na nusu. Unapata kondakta mwenye moto usio wake.

Najua kwa sababu nimeumbuka. Kwa muda mrefu nilikuwa na rekodi moja niliyoisifu kwa kila aliyenitembelea: "Sikieni msukumo huo! Sikieni fidla zinavyong'aa!" Mgeni mmoja, kijana mpole, akatoa simu yake yenye programu ya kutunia gitaa, akaiweka mbele ya spika. Hakusema neno. Alinionyesha tu mshale. Nilipoirudisha kasi mahali pake, kondakta yule akawa mtu wa kawaida, mwenye adabu, hata mchovu kidogo. Bado ninayo, ila siisifu.

Ukitaka kupima mwenyewe usipime mwanzo wa simfoni, kwa sababu ule utangulizi wa basuni unaanzia E ndogo na utachanganyikiwa. Nenda mwisho kabisa, noti ya chini ya selo na besi inayofifia. Hiyo ni B. Binti ailinganishe na kinanda chake. Tofauti ndogo isikutishe, okestra nyingi hutunia A yao mahali fulani kati ya 440 na 445, na nyingine zamani zilikuwa na desturi zao. Nusu toni nzima ndiyo kesi. Kuirekebisha, tumia programu inayopunguza kasi na kimo kwa pamoja. Zipo zinazoshusha kimo na kuacha kasi ilivyo, au kinyume chake. Hizo zitakupa kosa la pili juu ya la kwanza.

Na kwa kuwa umetaja santuri: kama unazo zile zenyewe za 78, usizisafishe kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa sheleki, na spiriti huiyeyusha. Pia zinadai sindano yao nene, ile ya LP (santuri za plastiki zilizokuja baadaye) inazama chini ya mfereji na kukusomea takataka.

*Bi Santuri, uliwahi kusema una daftari la rekodi zako. Unaandika nini humo? Mimi najaribu kuandika, lakini kila mara naishia "nzuri", "nzuri sana", "si mbaya".*
*Kalamu Kavu*

Ukurasa mmoja kwa kila rekodi. Juu: kondakta, okestra, tarehe na mahali iliporekodiwa. Sisemi tarehe iliyotolewa. Programu za simu zina tabia ya kukuandikia mwaka wa jalada jipya, ukamkuta kondakta aliyefariki 1954 ana rekodi ya 2011. Kisha: studio au mbele ya hadhira. Fidla zinatazamana au ziko upande mmoja. Basuni au klarineti ya besi. Chini ya hapo sentensi moja tu kuhusu jambo moja nililolisikia, na ni marufuku kutumia neno la sifa. Badala ya "nzuri" naandika, "Besi zinasikika mwisho mpaka pumzi ya mwisho", au "Gwaride limeanza haraka mno, hana pa kwenda".

Marufuku hiyo niliiweka baada ya aibu. Katika kurasa za mwanzo nilikuwa na rekodi mbili, makondakta wawili, okestra mbili, kampuni mbili. Ya kwanza niliandika "ya kina, ya kiume". Ya pili, "nyepesi, haina uzito wa ile". Miezi baadaye nikizisikiliza zote jioni moja, nikasikia kikohozi. Kikohozi kikavu, cha mara mbili, pale klarineti inaposhuka. Nikabadilisha rekodi. Kikohozi kilekile, mahali palepale. Ilikuwa rekodi moja, iliyouzwa mara mbili, na angalau jina moja la kondakta lilikuwa la kubuni, mchezo uliokuwa wa kawaida kwenye santuri za bei nafuu. Na mimi nilikuwa nimesikia uanaume katika moja na wepesi katika nyingine. Kurasa zile sijazichana. Huzisoma kila ninapotaka kuandika neno "kina".

*Bi Santuri, nahamisha kanda zangu za tamasha kwenda kwenye kompyuta. Je, nikate vikohozi na makofi? Katika mojawapo watu wanapiga makofi hata kabla simfoni haijaisha, baada ya sehemu ya tatu. Wajinga hao.*
*Mkasi Mkononi*

Vikohozi acha. Umeona hapo juu kazi yake.

Makofi baada ya sehemu ya tatu acha pia, na usiwaite wajinga. Kumbi nyingi duniani hupiga makofi pale, na mimi nilipiga kwa miaka, peke yangu, mbele ya santuri. Msikilize zaidi kondakta anafanya nini nayo. Wengine husubiri yaishe yenyewe. Wengine huanza fidla za sehemu ya nne juu ya makofi, na unasikia ukumbi ukinyamaza kwa haya, safu moja baada ya nyingine. Nina rekodi moja ya namna hiyo ambayo nisingeibadilisha na ya studio yoyote.

Makofi ya mwisho unaweza kuyakata, lakini usikate mapema. Katika kanda yangu moja, besi zinapiga ile B yao, inapungua, inakwisha, na hakuna anayefanya lolote. Nimehesabu: sekunde 14. Katika ya tisa kiti kinalia. Halafu mtu mmoja, mbali, anapiga kofi moja, anaacha. Weka mkasi wako baada ya huyo.